Sauti Niliyomsingizia Mungu

Mdogo wangu aliponiambia kwamba fundi cherehani mmoja wa Gitega mjini, Mwislamu, anataka kumuoa, niliona mambo yameharibika. Tulikuwa wawili tu pale kijijini Makebuko, tumerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania na magodoro mawili na Biblia ya marehemu mama. Asubuhi ukungu uliingia mpaka ndani, tukasalimiana bila kuonana vizuri, kama watu wanaoota ndoto moja. Sasa humo ningebaki na nani?

Juma lile lile nikasimama kwenye chumba cha maombi. Kanisani kwetu mwenye ujumbe wa Mungu husimama, hufumba macho, na hakuna wa kumbishia. Sisi tuliokulia Tanzania tulikuwa na la ziada: tukiacha Kirundi tukatoa kile Kiswahili cha Biblia, wenyeji huinamisha vichwa, wanaona mbingu zimefunguka. Basi nikakitoa. Asema Bwana, binti yangu, usiingie nyumba ya mtu yule. Nilifumbua jicho kidogo nikamwona mdogo wangu ameinama kama wengine. Jamani, nilimwona, na bado nikaendelea!

Alimkatalia fundi, akahamia Muyinga kwa mjomba. Nikabaki peke yangu na ukungu wangu.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Mchana mmoja wa mvua nilikaa mlangoni na Injili mapajani, nusu nasoma, nusu nasinzia, na matone kwenye migomba yalinichanganya nisijue lipi nimesoma na lipi nimeota. Nisidanganye, sikuwa natafuta toba. Nilitaka kuona tu mahali Mungu anapofungua mbingu na kumkataza mtu kama nilivyokataza mimi, ili roho yangu itulie.

Sikupaona. Pale mtoni Yordani Mwana ametoka majini amelowa, hajahubiri, hajaponya hata homa, na sauti inasema tu kwamba anapendwa. Mlimani ni hilo hilo, na kwamba asikilizwe. Safari nyingine sauti ilikuja, waliosimama pale wakadhani ni ngurumo. Na lile Neno lililokuwako tangu mwanzo, Mungu alilitupa juu ya vichwa vya watu? Wapi! Alilituma likae nao, lile chakula nao, lichoke nao njiani. Nilifunga kitabu kwa hasira. Nilijikasirikia mimi.

Nikapanda gari la Muyinga. Mikaratusi ilipita dirishani mmoja baada ya mwingine, nami nikipanga maneno, yakiyeyuka.

Nilimkuta mdogo wangu uani anachambua maharage. Sikungoja hata maji ya kunywa.

"Aliyekukataza siku ile si Mungu," nikamwambia. "Ni mimi. Niliogopa kuachwa."

Akaendelea kuchambua. Niliweka mikono tayari, nikidhani atanirushia ungo, au atamlilia yule fundi ambaye sasa ana mke na mtoto. Nilistahili vyote.

"Fundi nilishamsahau, dada," akasema bila kuinua macho. "Ila tangu siku ile sijaomba. Mungu alisema nami mara moja tu maisha yangu yote, na hiyo moja akaikuta furaha yangu akaikataza. Nikajua hanipendi."