Saa ya musikiti haikufunga

Leo nimefuturisha mtaa mzima jua lingali juu.

Musikiti wetu hapa Kasongo iko na kakompyuta kadogo kanakopiga sirene ya magaribi. Programu niliandika mimi. Sasa Ramazani hii nzima silali vizuri.

Mchana nimebadilisha pilote, ile sehemu ya programu inayotayarisha saa ya ndani ya chipu kila mashini ikiwaka.

Kazi yenyewe ni rahisi, eti. Kwanza unaifunga saa isihesabu. Unafuta alamu ya zamani. Ndipo unaweka mpya, unaifungua.

Mimi nikarukia kuifungua.

Alamu ya jana ilikuwa ingali mule, inangoja saa ifunguliwe tu ipige. Nilipoanzisha mashini upya tu: piiiiii!

Nikatoka mbio, mikono juu. "Bado! Bado!"

Jirani yangu Mama Zaina iko na tende mdomoni. Akaangalia jua. Akaniangalia mimi.

"Baba Idi, siye wote tulifunga. Kumbe saa yako haikufunga?"

Hajui pilote ni nini. Lakini kosa lenyewe ni hilo hilo, neno kwa neno.

Nimerekebisha. Nimechoka.

Nani mwingine alikula? Jitajeni hapa chini. Siku hii ya funga tutailipa pamoja, na safari hii saa itafunga ya kwanza.