Lumbesa ya Saa

Scholastica wa Mamboya alikuja kupanga chumba nyuma ya ghala langu la vitunguu hapa Dumila baada ya kampuni ya bima ya Dar kumpunguza kazini. Anachojua ni kimoja: kuandika programu za zile kompyuta kubwa kama kabati, ambazo mabenki na bima wanazitegemea miaka yote. Laptop yake ni dirisha tu; kazi yote inakaa ndani ya mashine. Kuandika na kujaribu, lazima akodi saa za mashine yenyewe kwa mtandao, na bei zake ni za mabenki.

Akapata mteja, kampuni ndogo ya bima. Programu ikifika Ijumaa ya mwisho ya Juni, kazi ya kudumu ni yake. Isipofika, anarudi Mamboya kulima maharage.

"Shikamoo, Mama Goodhope. Mwenye mashine bei yake imenishinda. Ongea naye wewe."

"Marahaba. Mpigie, weka sauti kubwa."

Nikamwambia yule bwana apunguze nusu.

"Mama, hivi si vitunguu."

"Kila kitu ni vitunguu. Halafu uniwekee na lumbesa. Kila saa mia, ongeza kumi juu, kama sisi tunavyojaza gunia mpaka mdomo haufungi."

Akacheka, akakubali. Alikubali haraka mno. Vitunguu vingekuwa mbele yangu ningemwaga gunia lote nione chini kuna nini. Scholastica alitaka kwanza tusome mkataba. Nikamwambia bei tumeshapatana, asaini.

Miezi mitano akaandika. Jumatatu ya wiki ile ya mwisho ya Juni akataka kuitoa programu ampelekee mteja. Mashine ikakataa. Tukapiga simu.

"Bei ya nusu ni ya kujaribia," bwana akasema. "Kutoa kazi nje ni bei kamili ya mwaka mzima. Ukurasa wa nne."

Kwangu ukilipia gunia unabeba. Sikujua kuna soko ambalo mzigo wako mwenyewe unabaki kwenye ghala la muuzaji.

Scholastica akafungua daftari, akaanza kunakili kutoka kwenye kioo kwa mkono. Jumanne jioni alikuwa mstari wa mia nne. Mistari ni elfu tisa.

"Acha, utavunjika vidole," nikamwambia. "Kama mzigo hautoki, mnunuzi aingie."

Nikampigia yule bwana: je, bima wakikodi saa kwake, wataipokea humo humo? Wanakaribishwa, akasema, ila binti asaini kukodi kwake miaka mitatu zaidi. Safari hii tulisoma kila ukurasa, mara mbili. Hakuna tulichoweza kupunguza; akasaini.

Alhamisi bima wakaingia, wakajaribu, wakapokea. Scholastica akaja ghalani, hana hata tabasamu.

"Maharage umeyakwepa," nikasema.

"Nimeyakwepa, mama. Lakini wewe ukichoka na vitunguu unafunga ghala unaondoka. Ghala langu mimi, ufunguo anao yule bwana."

Nikampa kiti. Nikaendelea kushona magunia.