Mlango Uliokataa Gitaa Langu

Aibu yangu naijua mwenyewe, hamna haja ya kunikumbusha kila tukikaa, lakini kabla sijafika kwenye gitaa na mlango ngoja niseme kwanza habari ya maharage, maana kila nikianza kusimulia, kichwa kinakimbilia kwenye maharage.

Nilikuwa kijana, nabeba mizigo pale Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo (wakati huo shingo ilikuwa shingo, siyo hii mnayoiona). Wenzangu walibeba gunia kichwani wakilishika. Mimi nikasema hapana, mimi nitabeba bila kushika, mikono naitupa huku na huku na kiuno kinacheza kidogo, kwa ajili ya wale wasichana wa sokoni. Siku moja mama wa upande wa Kongo akanipa gunia la maharage, nikavuka nalo kizuizi, watu wananiangalia wanacheka, nami nikajua wanafurahia shingo, nikaongeza kiuno. Mzigo ukazidi kuwa mwepesi, nikasema moyoni leo nguvu zimekuja. Kumbe gunia lilikuwa na tundu. Nilipofika kwenye lori nilitua gunia tupu, na nyuma yangu kuku wa soko zima.

Yule mama hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Papa, maharage yangu iko wapi?"

Yalikuwa nyuma. Msichana mmoja alikuwa anakuja ameinama, anaokota anatia kwenye kitenge chake, kuku anawafukuza kwa mguu, na huku anaimba kwa pua, bila maneno, kawimbo kafupi tu ka kupanda na kushuka. Ndiye Biira. Ndiye niliyemwoa. Na hako kawimbo alikaimba kwa pua maisha yake yote, akipalilia mpunga kwenye mashamba ya Mubuku, akiogesha watoto, hata akinikasirikia (hapo ndipo alikaimba kwa nguvu). Maneno hakukawekea kamwe. Sasa amelala kaburini, kawimbo kametubakia sisi.

Haya, gitaa. Shule niliacha mapema, mwalimu na mimi tuliachana kwa amani, lakini vidole Mungu alinipa. Kuanzia Bulembia ninapokaa mpaka Bwera, ukiuliza mzee wa vidole watakuleta kwangu. Napiga gitaa nyuma ya kichwa. Zamani nilipiga na kwa meno, sasa meno yenyewe yamepungua. Kwa hiyo Musoki, kifungua mimba wetu, alipopata mchumba, kijana wa mambo ya forodha pale Mpondwe, hakuniomba kitu kikubwa. Alisema, "Baba, siku ya kunitoa unipigie ule wa mama. Nitoke nao."

Siku hiyo kwetu binti anakaa ndani na mashangazi, wageni wa upande wa kijana wanakaa nje kwenye hema, na binti hatoki mpaka wimbo wake upigwe. Shangazi mkubwa ndiye mwenye mlango. Akisikia wimbo, anafungua. Asiposikia, hafungui hata aje afande na bunduki. Na shangazi mkubwa ni dada yangu Masika, ambaye tangu utoto hajawahi kunifungulia mlango kwa huruma.

Sherehe tulifanya Bwera kwa kaka yangu, kwangu hakuna uwanja. Kila kitu kilikuwa sawa mpaka wale wageni walipofika na mwanamuziki wao, mzee mwembamba kutoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, Papa Tomasi, gitaa lake limefungwa kwa shuka. Akaketi, akalifungua, akalilaza mapajani. Halafu mtu nyuma yangu akasema kwa gitaa Wakongo hawana mwenzao. Basi, ni hilo tu. Hapo hapo nikaamua kawimbo ka Biira nikavishe nguo kidogo.

Msemaji wa sherehe akatangaza binti aje. Nikaanza, nikapanda juu kabisa ya shingo ya gitaa, nikashuka kama mvua ya mawe, nikapachika sebene, lile gitaa la mbio la kuchezesha watu, mahali ambapo Biira alikuwa anavuta pumzi, watu wakashangilia, nikafumba macho. Mlango kimya. Nikasema labda bado wanamfunga kilemba, nikaongeza. Mlango kimya. Nikapeleka gitaa nyuma ya kichwa. Soda zikapata moto mezani, msemaji akamaliza vichekesho vyake akaanza kurudia vile vile, bwana harusi akawa anajifuta jasho kwa tai, na mama mmoja wa kwao akauliza kwa sauti, "Lakini muko na mutoto kweli, ao munatuchezea?" Nikasikia, nikaona dawa ni kuongeza mwendo.

Mjomba wa kijana, mzee wao mkubwa, akasimama akavaa kofia. Akasema yule binti amekataa na sisi tunawafichia aibu kwa kelele, wao walikuja kuchukua bibi, siyo kuangalia vidole. Wamama wao wakaanza kunyanyua vikapu.

Hapo dirisha likafunguka kidogo, Masika akatoa kichwa.

"Kaka, utaanza saa ngapi?"

Nikamwambia nimeshaanza zamani.

"Umeanza nini? Mtoto analia humu. Anasema umesahau wimbo wa mama yake."

Hema zima likanigeukia. Nikasema sawa, sasa ule wenyewe, mtupu. Nikaweka kidole cha kwanza, cha pili kikakimbia. Nikakirudisha, cha tatu kikakimbia. Kawimbo ka kupanda na kushuka tu, mtoto wa mgongoni angekapiga, nami mzee wa vidole sikupata hata kanapoanzia. Nilitafuta pale mbele ya watu mpaka mikono ikalowa.

Ndipo tukasikia ndani mtu anaimba kwa pua. Mlango ukafunguka, Musoki akatoka, macho yamevimba, anajitembeza mwenyewe kwa sauti yake. Papa Tomasi hakusimama. Aligusa uzi mmoja. Akangoja. Akagusa mwingine, mahali mguu wa mtoto unapokanyaga, na pale Biira alipokuwa anavuta pumzi naye akaacha mkono juu, hakupiga kitu. Mjomba akavua kofia akaketi. Mimi nikageuza uso nikajifanya natafuta waya.

Musoki alipofika kwangu akasimama, bado anaimba, ananiangalia. Nikafikiri anataka nipige. Hakutaka nipige. Nguo yake ndefu ilikuwa inaburutika vumbini na hakuna aliyeiona. Nikaliacha gitaa kwenye kiti, nikainama, nikaishika ile nguo kwa mikono miwili, nikamfuata nyuma. Kwenye kile kiti sijarudi.