Uzi wa Koki Haukuhesabiwa

Saa kumi na mbili asubuhi, Kayole imeshaamka zamani. Mlangoni mwa chumba chake, katika ploti moja nyuma ya Spine Road, Koki Munyao ameketi kwenye kigoda, leso imepandishwa juu ya goti la kulia. Anachovya vidole kwenye jivu, analaza nyuzinyuzi mbili za mkonge juu ya paja, kisha anazisukuma mbele kwa kiganja. Anazirudisha nyuma, na tayari ni uzi mmoja.

Haangalii anachofanya. Hata angetaka kuangalia, asingeona sana. Macho yake yameingia ukungu tangu mwaka juzi, na upasuaji aliotajiwa zahanati hana uwezo wa kuulipia.

Vijana wanaoelekea steji wanamtania. "Mathe, niaje? Unajikuna tangu asubuhi, si ukaoge!"

Anacheka, lakini mkono hausimami. Paja lenyewe halichekeshi. Ngozi imekuwa ngumu na nyeusi kama kisigino cha mtu aliyetembea peku maisha yake yote.

Koki, mjane wa miaka hamsini na minane, Mkamba mzaliwa wa Mwala, ni mmoja wa akina mama wanaosuka viondo, vikapu vya mkonge, katika ukumbi wa kanisa hapa mtaani. Zamani waliwauzia madalali wa mjini kwa shilingi themanini kiondo, wapende wasipende.

"Dalali alikuwa anakitupa chini kwanza, anasema ni kibovu, ndiyo ashushe bei," anakumbuka. "Halafu anakiokota na kukipanga vizuri kabisa garini."

Mwaka 1995 duka moja la Ulaya, linaloahidi kumlipa mfanyakazi haki yake popote alipo, lilimtuma mwakilishi. Alikuwa bibi mpole, akanywa chai yao bila kuuliza maji yametoka wapi. Swali lake kubwa lilikuwa moja: kiondo kimoja kinachukua siku ngapi? Bei ingetokana na jibu hilo.

Kavinya Mulwa wa Komarock, mwenyekiti wa kikundi, alijibu kwamba ni siku tano. Wenzake wote wakaitikia kwa vichwa.

"Sikudanganya," anasema Kavinya leo, na sauti inamshuka. "Sisi tunahesabu tangu kuanza kitako cha kiondo. Kusokota nani alikuwa anahesabu? Ni kitu unafanya ukienda mtoni, ukipiga stori, hata matangani. Mama yangu angenicheka nikimwambia ni kazi."

Duka lilikubali shilingi mia mbili na ishirini. Wakapiga vigelegele, wakaomba, wakaimba. Hakuna aliyeona kwamba nusu ya jasho lao imebaki nje ya mlango.

Halafu macho ya Koki yakaharibika. Hakuweza tena kufuata rangi za mapambo, akabaki kuwasokotea wenzake. Lakini hela za duka zilimwendea aliyesuka. Mwanamke aliyeshinda na mkonge pajani kutwa nzima hakuwa na chake, ila unga na sukari walizomchangia wenzake kila mwisho wa mwezi.

"Sadaka ni nzuri kanisani," anasema, na kwa mara ya kwanza mkono unasimama. "Lakini mimi nilikuwa nafanya kazi, na bado napokea kama maskini wa mlangoni. Iliniuma sana. Januari hii nikafunga vitu vyangu nirudi Mwala, niache kusumbua watu."

Aliyemzuia ni Khavere, mama kutoka Maragoli, aliyejiunga na kikundi baada ya mumewe kupunguzwa kazi kiwandani. Kusuka alikujua upesi. Kusokota kulimshinda kabisa. Alipomwendea Koki, ambaye kikundini humwita Mama Nzomo, kununua uzi, alikataliwa hela. Kwa Wakamba, aliambiwa, uzi hauuzwi, uzi hupewa.

Siku ya mkutano Khavere akasimama.

"Nyinyi Wakamba mtanisamehe," alisema. "Mimi nimejaribu kusokota wiki mbili, paja ikachubuka mpaka nikawa nalala upande moja. Na hiyo uzi haikutosha hata kitako. Sasa mnaniambia hii si kazi? Kama si kazi, Mama Nzomo anafanyanga nini kutoka asubuhi?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kavinya alijifunika uso kwa leso akalia mbele ya watu wake.

Haikuishia hapo, maana hofu ilikuwepo, na si hofu ya bure. Viondo vya kuiga, vya mashine na nyuzi za plastiki, vimejaa katika masoko ya ng'ambo. Baadhi ya wanachama walisema bei ikipanda, duka litawaacha. Walibishana mikutano miwili.

"Tutadai haki Ulaya na hapa ndani tumemnyima mwenzetu?" Kavinya aliwauliza.

Wakakata shauri: kila msukaji amlipe msokotaji kutoka bei yake, na duka liambiwe ukweli. Siku hiyo Koki alipokea malipo yake mkononi, si mchango. Alirudi chumbani akafungua mizigo yake. Bei ikirekebishwa, anasema, ataweka akiba ya macho.

Yule bibi wa duka anarudi Jumanne ijayo, na Koki ameshapanga.

"Tukimwambia siku zimeongezeka, atadhani ni tamaa. Basi hatutamwambia kitu. Akiuliza, mimi nitakaa mbele yake na mkonge wa kiondo kimoja, nisokote mpaka uishe. Akichoka, arudi kesho yake. Nikimaliza, ndiyo Kavinya amjibu."

Anapitisha uzi katikati ya vidole, akitafuta kwa kugusa mahali palipolegea. Hapaoni, anaukunja.

"Nimemwambia Khavere amtafutie mgeni kiti chenye mgongo," anasema. "Kigoda kitamuumiza. Atakaa sana."