Msomaji wa Makaburi ya Msangani

Saa moja asubuhi, Chamima Buanali anapiga magoti mbele ya jiwe la kaburi lililoinama. Analisugua kwa mswaki mkuukuu, analimwagia maji kidogo, kisha anafuata herufi za Kiarabu kwa kidole.

"Huyu ni Mwanaesha binti Hamadi," anasema. "Alifariki mwezi wa Rajabu. Mwaka umefutika."

Chamima, mwenye miaka 52, ni mwalimu wa chuo cha Kurani katika kijiji cha Msangani, kando ya ghuba ya Tungue. Gesi imegunduliwa baharini, kijiji kitahama kupisha kiwanda, na makaburi nayo yatahamishwa. Yapo 143, na kila moja linatakiwa liingie kwenye orodha pamoja na jina la marehemu na la ndugu yake aliye hai.

Kijijini ni yeye tu anayeweza kuyasoma maandishi yale ya kale. Alifundishwa na baba yake.

"Wazee walisema mwanamke hana kazi makaburini," anakumbuka. "Wakatafuta mwanamume wiki mbili. Hawakumpata, wakaja kwangu."

Kaburi la saba lilimnyima usingizi. Jirani yake, mzee Sufo Carimo, amelisomea dua miaka arobaini akijua ni la babu yake. Jiwe linasema vingine: amelala hapo mgeni wa Kilwa, aliyekufa kwa homa akiwa safarini.

"Nilitamani kunyamaza," anasema Chamima. "Lakini yule mgeni angezikwa tena kwa jina la mtu mwingine."

Akamwambia. Sufo alikaa mchangani, akauliza, "Basi babu yangu yuko wapi, mwalimu?"

"Tutamtafuta, baba."

Walifyeka vichaka siku tatu. Siku ya nne wakakuta jiwe lililopasuka vipande viwili, lina jina la babu. Sufo alilia, akasoma dua, halafu akarudi kwenye kaburi la saba.

"Miaka arobaini si michache," anasema mzee huyo. "Nimeomba niandikwe mimi kuwa ndugu wa yule mgeni."

Mawe 31 yamelika kabisa, na jioni Chamima huzunguka nyumba kwa nyumba kuwauliza mabibi wanachokumbuka. Anataka huko waendako marehemu wapangwe kama walivyo sasa, jirani kwa jirani.

Tena ameanza kuwafundisha wasichana wanne kusoma maandishi ya mawe.

"Wazee wameona," anasema. "Safari hii hawajasema kitu."