Gundi Ikikauka

Juzi nilimkuta mwanangu akitengeneza basi la boksi, na harufu kali ya gundi ikanirudisha kwetu Mkata, nilipokuwa mdogo kama yeye.

Baba aliniletea tyubu ya gundi, akanionyesha kupaka kwa njiti ya kiberiti. Paa la basi letu la boksi akaniachia mimi. "Paka kidogo, binti. Ikikauka nitakuwa nimesharudi." Akabeba begi, akapanda basi la kweli.

Nikapaka kidogo mno ili ikauke haraka. Ilikauka mama hajamaliza hata kumenya mihogo, na baba hakuja. Nikadhani nimekosea, nikabandua paa, nikapaka upya, nikapuliza mpaka kichwa kikaniuma. Nikabandua tena. Boksi likachanika, tyubu ikaisha. Mama alinitazama tu. Mimi sikujua kwamba begi lile lilikuwa na nguo zote za baba. Mama alijua.

"Baba kasema nikimaliza basi hili anakuja," mwanangu akaniambia.

Nilimpigia baba yake pale pale. "Huji, na unajua huji. Haya, mwambie mwenyewe!"

Mtoto akaipokea simu mkononi mwangu kwa vidole vyenye gundi, akasubiri.