Maharage Yasiyokuwa na Wanga

Maharage yanayochemka pamoja na magadi yana harufu yake: ya udongo uliolowa, na nyuma yake kitu kikali kidogo kinachokaa kooni. Harufu hiyo ndiyo iliyojaza jiko la nyumbani kwetu, kule Bigwa, masika yale nilipokuwa darasa la sita. Kuni zilizoteremshwa kutoka mlimani zilikuwa mbichi, bibi yangu hakuwa tena na meno ya kutegemea, na kwa hiyo kila chungu kilitiwa kipande cha magadi ili maharage yaive upesi na kulainika. Sikujua kwamba wapo watu wanaoyapika bila magadi.

Mwaka huo mwalimu wetu wa sayansi alinipa mimi na Zuhura, niliyekaa naye dawati moja, kazi ya kuchunguza nyuzinyuzi na wanga katika maharage. Kazi ikikamilika vizuri, tungeiwakilisha shule kwenye maonyesho mjini. Zuhura, ambaye hakuwahi kuchaguliwa kwa lolote, alikwisha kuazima viatu vya dada yake. Tuliyachemsha maharage nyumbani kwetu, tukayasugua juu ya chujio mpaka yakabaki maganda matupu, tukayaanika kwenye ungo. Nyuzinyuzi zilikuwa hizo. Mtu aliweza kuzishika. Rojo iliyopita kwenye chujio tuliibeba shuleni ndani ya kopo, na mwalimu akatupa kichupa cha iodini, ambayo kwa mujibu wa kitabu hugeuka nyeusi-bluu inapokutana na wanga. Haikugeuka. Rangi yake ya kahawia ilififia ndani ya rojo mpaka ikapotea. Tukaongeza tone jingine, nalo likapotea.

Nilimwambia mwalimu kwamba maharage yetu hayana wanga. Hakukasirika, alikuwa na madaftari mengi mezani na jasho shingoni.

“Kitabu hakikosei, mwanangu. Andika nyeusi-bluu.”

“Lakini mwalimu, hatukuiona.”

Zuhura alinivuta pembeni. “Wewe baki hapa uchambue maharage mpaka uzeeke. Mimi nataka kwenda mjini.”

Nikaandika. Tulikwenda, tukapongezwa, Zuhura akatembea siku nzima kwa viatu vilivyombana bila kulalamika, na mimi nikashindwa kumtazama usoni kila mtu aliyenipa mkono. Miaka ilipita kabla sijajifunza chuoni kwamba magadi huiharibu iodini, ikapoteza rangi hata pale wanga unapokuwa tele. Kitabu hakikukosea, wala macho yetu hayakukosea. Lilihitajika swali moja tu kuhusu kilichokuwamo chunguni, na hakuna aliyeliuliza.

Sasa nafundisha sayansi katika shule moja upande wa Mlali. Nilitoka chuoni nikiwa nimeapa kwamba hakuna mtoto atakayeandika mbele yangu jambo ambalo hakuliona. Wiki iliyopita nilisahihisha madaftari ya jaribio la wanga, rundo baada ya rundo, mpaka mkono ukafa ganzi. Yote yalisema nyeusi-bluu, kwa mwandiko nadhifu, na yote niliyatia vema. Iodini ilikwisha tangu muhula uliopita. Jaribio lenyewe niliwasomea tu, nikiwa nimechoka, na wao wakanakili. Mimi na Zuhura angalau tuliona kitu, kisha tukakikana. Wanafunzi wangu sijawapa hata cha kukana.